Shughuli Zipi za Nje ya Masomo Zina Uzito Unapoomba Vyuo Vikuu Vigumu vya Marekani: Ulinganisho kwa Mwombaji wa Afrika Mashariki

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2014 na kusikilizwa mjini Boston mwaka 2018 iliweka hadharani nyaraka za udahili ambazo kwa kawaida hubaki kabatini. Zilionyesha kwamba katika msimu mmoja wa maombi, zaidi ya waombaji 8,000 wa ndani ya Marekani walikuwa na wastani kamili wa alama za sekondari, ilhali nafasi za mwaka wa kwanza zilikuwa takriban 1,600. Mzazi akizisoma takwimu hizo ataelewa kwa nini mtoto mwenye A tupu anaweza kukataliwa na chuo cha aina hiyo bila kuwa na kosa lolote. Alama zake zimethibitisha kwamba anaweza kusoma pale, lakini hazijaeleza kwa nini achukuliwe yeye na mwenzake aachwe. Jibu la swali hilo la pili hutafutwa katika insha, katika barua za walimu, na kwa kiasi kikubwa katika shughuli ambazo mwombaji amezifanya nje ya masomo.

Makala haya yanazilinganisha shughuli hizo kwa ajili ya kijana wa Afrika Mashariki, au wa familia ya wazungumzaji wa Kiswahili iliyohamia Marekani, ambaye saa zake ni chache na analazimika kuchagua. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: shughuli yenye uzito ni ile iliyofanywa kwa muda mrefu, iliyoacha kitu kinachoonekana, na ambayo yupo mtu mzima anayeweza kuieleza kwa undani kwa sababu aliiona ikifanyika. Jina la shughuli, hata liwe kubwa namna gani, huja nyuma ya mambo hayo matatu.

Kwanza, unaomba wapi?

Kabla ya kulinganisha mpira na olimpiadi ya hisabati, mwombaji ajue kwamba uzito wa shughuli hutegemea nchi, na ndani ya nchi hutegemea chuo. Kwa vyuo vya nyumbani, hesabu ni fupi. KUCCPS, taasisi ya Kenya inayowapangia wanafunzi vyuo, huwapanga kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na uzito wa kundi la masomo, kwa hiyo kiranja mkuu na mwanafunzi ambaye hakuwahi kujiunga na klabu yoyote wana nafasi sawa ikiwa alama zao ni sawa. Vyuo vya Tanzania, vikifuata miongozo ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu nchini humo, hutazama ufaulu wa masomo ya tahasusi. Uganda hutenga nafasi chache za ufadhili wa serikali kwa wanamichezo hodari, lakini huo ni mlango mwembamba. Anayelenga Dar es Salaam, Nairobi au Makerere peke yake hana sababu ya kutoa sadaka saa za kujisomea kwa ajili ya kupamba fomu, ingawa anaweza kuwa na sababu nyingine nzuri za kucheza, kuimba na kuhudumia watu.

Uingereza iko katikati, na hapa ndipo waombaji wengi wa kwetu hupotea, kwa sababu hutumia maelezo ya Marekani kuombea London. Karibu maombi yote hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya huko, ambako mwombaji huandika maelezo binafsi yasiyozidi herufi 4,000; tangu maombi ya kuanza masomo mwaka 2026, maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu, na ni swali la tatu pekee linalouliza alichokifanya nje ya elimu rasmi kujiandaa kwa kozi yake. Oxford na Cambridge hutaka kuona kwamba mwombaji amelifuata somo lake nje ya silabasi: aliyeomba fizikia awe amejenga kifaa, amesoma vitabu vya fizikia vinavyopita kiwango cha darasa, ameshiriki mashindano ya fizikia. Unahodha wa timu ya wavu hautamwinua sana pale. Kijana anayeomba nchi zote mbili, kwa hiyo, anufaike na shughuli iliyoungana na somo, kwa kuwa hiyo husomeka vizuri kote kuwili.

Marekani nako vyuo havifanani. Vyuo vingi vya serikali hudahili kwa alama zaidi ya kitu kingine. Sheria ya Texas ya mwaka 1997, kwa mfano, huwapa wahitimu wa juu kabisa wa kila shule ya jimbo hilo nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya serikali, jambo ambalo familia za Wakongo walioko Dallas na Houston zinapaswa kulijua mapema. Njia ya uhakika ya kukijua chuo ni kutafuta waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi huuchapisha kila mwaka kwenye tovuti zao. Sehemu yake ya C7 ina jedwali linaloonyesha kama chuo kinaziona shughuli za nje ya masomo kuwa muhimu sana, muhimu, za kuzingatiwa tu, au zisizozingatiwa. Ni kazi ya dakika tano, na inaweza kumwokolea mtu mwaka mzima wa kuhangaika na jambo ambalo chuo anachokitaka hakilipi uzito.

Shughuli hizo husomwaje?

Fomu ya Common App, inayotumiwa na sehemu kubwa ya vyuo hivyo, ina nafasi 10 za shughuli. Kwa kila moja mwombaji huandika cheo chake, jina la chama, saa kwa wiki, wiki kwa mwaka, na maelezo yasiyozidi herufi 150, nafasi na alama za uandishi zikihesabiwa. MIT, chuo maarufu cha teknolojia, ina fomu yake yenyewe na huomba shughuli nne tu. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California, kinyume chake, una nafasi 20 za shughuli na tuzo kwa pamoja, na hutoa herufi 350 kwa maelezo. Tofauti hizi zina maana kwa anayechagua. Mwenye mambo manne mazito hana sababu ya kuiogopa fomu yoyote kati ya hizo, ilhali mwenye mambo 15 mepesi atapata shida MIT, na hata kwenye Common App orodha yake itaonekana kama ya mtu aliyekuwa akipita tu.

Kesi ya Harvard ilionyesha pia namna wasomaji wa fomu wanavyozipima shughuli hizi. Walitumia alama kuanzia 1 hadi 6, na 1 ilikuwa ya juu kabisa, kwa ajili ya mchango wa kiwango cha kitaifa au unaokaribia weledi. Alama 2 ilikuwa ya mchango mzito ndani ya shule, mfano mhariri wa gazeti la shule au kiongozi wa wanafunzi. Alama 3 ilikuwa ya ushiriki wa kuridhisha usio na upekee, na 4 ya ushiriki mdogo au kutoshiriki kabisa. Namba iliyofuata ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini na watu wa kwetu, kwani 5 haikumaanisha ubaya kuliko 4. Ilitengwa kwa ajili ya waombaji ambao muda wao ulikwenda kwenye majukumu ya familia au kazi ya kipato wakati wa masomo, na msomaji aliruhusiwa kuyahesabu majukumu hayo pamoja na shughuli nyingine ili kuinua alama hiyo ya shughuli. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu naona ndipo waombaji wetu wanapojidhulumu zaidi.

Mengi au machache, cheo au kazi

Ushauri wa zamani ulikuwa kwamba mwombaji awe na kila kitu kidogo kidogo: mchezo mmoja, ala moja ya muziki, klabu tatu, na huduma ya jamii. Mwelekeo huo umepoteza nguvu. Ripoti ya Turning the Tide, iliyotolewa Januari 2016 na mradi wa Making Caring Common wa Kitivo cha Elimu cha Harvard na kuungwa mkono na maofisa udahili wa vyuo vingi, ilisisitiza ubora wa ushiriki badala ya wingi, na ikataka mchango wa kijana nyumbani kwake uhesabiwe. Kwa maoni yangu, mwombaji mwenye shughuli mbili au tatu za miaka mitatu au minne, zikifuatwa na nyingine ndogo zilizo za kweli, yuko mahali pazuri kuliko aliyejaza nafasi zote 10 kwa vitu vilivyoanza miezi sita kabla ya maombi. Msomaji wa fomu huona mwaka ambao kila shughuli ilianza, na haimchukui muda kutambua orodha iliyotengenezwa kwa haraka.

Cheo nacho kina hadithi yake Afrika Mashariki. Kiranja mkuu wa shule ya bweni ya Kenya au Tanzania hubeba mzigo ambao rais wa klabu wa shule ya Marekani haujui: anaamsha mabweni, anasimamia foleni ya chakula, anapatanisha ugomvi, na mara nyingine ndiye anayezungumza na utawala wanafunzi wanapokataa maharage yenye wadudu. Tatizo ni kwamba msomaji wa Massachusetts hayajui hayo, na neno la Kiingereza la kiranja humwambia kidogo sana. Cheo kikiachwa peke yake kwenye fomu kinapoteza karibu thamani yote. Kikielezwa kwa kazi, kwamba alisimamia wanafunzi kadhaa, akabadilisha ratiba ya maji wakati wa kiangazi, akaanzisha utaratibu wa kusikiliza malalamiko, kinasimama imara. Kwa hiyo, ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya cheo kisicho na kazi na kazi isiyo na cheo, chukua kazi. Mkutubi wa shule aliyepanga upya vitabu vyote na kuweka daftari la uazimaji linalofanya kazi ana mengi ya kuandika kuliko makamu mwenyekiti wa klabu inayokutana siku ya kupiga picha.

Michezo na mashindano ya kitaaluma

Michezo ina milango miwili tofauti, na anayeichanganya hufanya hesabu mbaya. Mlango wa kwanza ni wa mwanariadha anayetafutwa na makocha. Huko ndiko walikopita wanariadha wengi wakubwa wa kanda yetu, akiwemo Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyesoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso na kushinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Vyuo vya Division I na Division II, ngazi mbili za juu za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vinaweza kutoa ufadhili wa michezo, lakini vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vikongwe vikiwemo Harvard na Yale, ingawa viko Division I, havitoi ufadhili wa namna hiyo, na Division III, kunakocheza vyuo kama Amherst na Bowdoin, hakuna ufadhili wa michezo kabisa. Katika vyuo hivyo msaada wa fedha hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Mlango huu hupimwa kwa sekunde na mita. Kocha atataka matokeo yaliyorekodiwa rasmi, na hadithi ya bidii haitaziba pengo la sekunde.

Mlango wa pili ni wa mwanafunzi anayecheza bila kutafutwa na kocha, na kwake mchezo ni shughuli kama nyingine. Aliyefika mashindano ya kitaifa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, au michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ana jambo la kuandika, hasa akieleza ngazi zilizopitwa, kutoka wilaya hadi taifa, kwa kuwa msomaji hatazijua. Aliyecheza timu ya shule tu bila zaidi atahesabiwa kama mamia ya wengine.

Historia ya KenSAP inafundisha kuhusu milango hii miwili kuliko maelezo mengi. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2004 na mwandishi wa habari John Manners pamoja na Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ili kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa wenye A za KCSE katika vyuo bora vya Marekani. Wazo la mwanzo lilikuwa kwamba mbio zingewasaidia kuingia, na watahiniwa, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kushindana, walikimbizwa mita 1,500 Iten wakipimwa muda. Jina la awali lilimtaja mwanafunzi-mwanariadha. Baadaye lilibadilishwa likabaki kutaja wanafunzi na fursa peke yake. Vijana wengi wa mradi huo waliofika Harvard, Yale na kwingineko walibebwa na akili na maisha yao, wala hawakubebwa na miguu.

Mashindano ya kitaaluma yana faida ambayo michezo ya kawaida haina: yanaungana na somo na yanapimwa na watu wasiomjua mwombaji. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za Kenya, na Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika ni mifano inayosomeka vizuri Marekani na Uingereza kwa pamoja. Hata hivyo, kati ya kushiriki mashindano mengi na kufuata swali moja, namwona anayefuata swali moja kuwa mbele. Mradi wa kupima chumvi katika visima vya mtaa, ulioanza kama onyesho la shule na kuendelea baada ya cheti kutolewa, kwa vipimo vya mvua na vya kiangazi, una nguvu kuliko vyeti vitatu vya ushiriki, kwa sababu unaonyesha kwamba mwanafunzi aliendelea baada ya zawadi kwisha.

Sanaa na elimu ya dini, ambazo waombaji wa pwani huzificha

Hapa nataka kukaa kidogo. Mwombaji wa Zanzibar, Mombasa au Tanga huandika kwenye fomu klabu ya mazingira aliyojiunga nayo mwaka jana, akaacha kutaja kwamba amekuwa akipiga ala za nyuzi za taarab kama udi au kanuni tangu ana miaka kumi, au kwamba amehifadhi juzuu kadhaa na kila jioni huwasomesha watoto madrasa. Anaona hayo ni maisha ya kawaida. Lakini Common App ina kundi la shughuli za dini na makundi ya muziki, na msomaji ambaye amekwisha kusoma fomu nyingi za wapiga fidla na piano siku hiyo atasimama anapokutana na mwanafunzi wa chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, anayepiga taarab katika harusi na kuwaandikia noti wadogo zake. Kuhifadhi Kurani ni miaka ya nidhamu ya kila siku yenye mwalimu anayeijua kwa undani; kusomesha madrasa ni ualimu kamili wenye wanafunzi, ratiba na maendeleo yanayoonekana. Mwanakwaya wa kanisa aliyefundisha sauti ya tatu kwa miaka minne yuko katika hali hiyohiyo.

Tofauti kati ya sanaa na mashindano ya kitaaluma ni kwamba sanaa haijitafsiri yenyewe. Medali ya hisabati inaeleweka bila maelezo, ilhali kanuni, kaswida na ngonjera zinahitaji mwombaji aeleze kwa maneno machache ni nini na ni vigumu kiasi gani. Vyuo vingi hupokea rekodi za sauti au picha kama nyongeza ya maombi, na mwenye kiwango kizuri azitumie. Kwa Kenya, tamasha za kitaifa za muziki na za maigizo zina ngazi zinazofuatana, na aliyepanda ngazi hizo azitaje zote.

Kuanzisha shirika jipya au kukijenga kilichopo

Miaka ya karibuni umeenea mtindo wa kila mwombaji kuanzisha asasi yake yenye nembo, ukurasa wa Instagram na jina lenye neno Afrika ndani yake. Baadhi ya asasi hizo ni za kweli na zimegusa watu. Nyingi hufa wiki moja baada ya barua ya udahili kufika, na wasomaji wa fomu wamekwisha kuzizoea. Ukilinganisha, chama kilichopo kinampa kijana vitu ambavyo asasi yake mwenyewe haimpi: mlezi anayeweza kuandika barua, wanachama wasio ndugu zake, na historia ambayo mabadiliko yake yanaweza kupimwa nayo. Skauti, Msalaba Mwekundu wa shuleni na mpango wa President's Award wa Kenya, wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ni vyombo vya namna hiyo. Anzisha kitu kipya pale tu ambapo umeona uhitaji, umetafuta wa kuungana naye, na hukumpata. Swali la kujiuliza ni rahisi: wewe ukiondoka Agosti, nani atakiendesha Septemba?

Majukumu ya nyumbani na programu za kulipia

Kati ya ulinganisho wote, huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu familia hujinyima ili kulipia kitu chenye uzito mdogo huku kitu chenye uzito kikiwa jikoni kwao. Programu za kiangazi zinazofanyika kwenye kampasi za vyuo maarufu, ambazo yeyote mwenye ada hukubaliwa, zinaweza kufundisha mengi, lakini kwa udahili huonyesha hasa kwamba familia ililipa. Safari za kujitolea za kulipia ziko hivyohivyo. Zipo programu chache zinazochuja na zisizotoza ada, kama ile ya Yale kwa vijana wa Afrika, Yale Young African Scholars, ambayo imewahi kufanyika katika nchi kadhaa za bara hili, na hizo ni jambo jingine kabisa. Kipimo changu ni hiki: ikiwa malipo ndiyo sharti kubwa la kukubaliwa, fedha hiyo itafaa zaidi kwa vitabu na ada ya mitihani.

Upande wa pili kuna kijana anayefungua genge la mama yake alfajiri kabla ya shule, anayemtunza bibi aliyepooza, anayelea wadogo zake wazazi wakiwa kazini usiku. Kuna binti wa familia ya Kongo mjini Louisville au Phoenix ambaye tangu ana miaka 11 ndiye anayetafsiri Kiswahili na Kiingereza hospitalini, benki na kwenye ofisi za serikali. Common App ina kundi la majukumu ya familia na jingine la kazi ya kipato, na yote mawili ni nafasi kamili kama ile ya nahodha wa timu. Wengi hawazijazi kwa aibu, au kwa kudhani kwamba kazi ya nyumbani haina hadhi ya kuandikwa.

Tuchukue genge hilo. Mwombaji akiandika kwamba humsaidia mama yake biashara ndogo, amesema jambo ambalo yeyote angeweza kusema. Akae aandike alichokifanya hasa, ndani ya herufi 150, kwa mfano: «Natunza daftari la madeni la genge la mama, nanunua mzigo sokoni Jumamosi, nilianza kuandika faida kila wiki, nyanya zinazooza zimepungua.» Sentensi hiyo ina uaminifu wa kukabidhiwa fedha, ina hesabu, ina wazo lake mwenyewe, na ina matokeo. Msomaji haambiwi kwamba kijana huyu ni mchapakazi, anaona. Saa 20 kwa wiki zikiandikwa pembeni yake, zinaeleza pia kwa nini hana klabu tano, na hivyo ndivyo alama ile ya 5 ilivyokusudiwa kufanya kazi. Mapungufu ya njia hii ni mawili. Genge halina mwalimu wa kulithibitisha, kwa hiyo ni lazima mshauri wa shule au mwalimu wa darasa aambiwe mapema ili ataje hali ya nyumbani katika barua yake. Pia haifai mwombaji aiandike kwa sauti ya kuomba huruma, kwa kuwa kinachotafutwa ni uwezo, na uwezo umo ndani ya kazi yenyewe.

Kwa waliokwisha kuwa wakazi wa Marekani na wenye kipato cha chini, mpango wa QuestBridge, unaowasaidia wanafunzi hodari wa kipato hicho kuingia vyuo bora kwa ufadhili, unatumia fomu inayotoa nafasi kubwa kwa maelezo ya aina hii, na nawasihi wauangalie kabla ya kitu kingine.

Kalenda, na gharama ya uongo

Mwanafunzi wa Kenya anayefanya KCSE hukutana na tarehe ya maombi ya mapema, Novemba 1, akiwa katikati ya mitihani, ndiyo maana wengi huomba mwaka unaofuata. Miezi hiyo kati ya matokeo na maombi ni mali: inatosha kufundisha hisabati katika shule ya kijiji, kufanya kazi ya kulipwa, au kuumaliza mradi wa sayansi ulioachwa. Mwanafunzi wa Tanzania aliye kidato cha sita hupita tarehe za Novemba na Januari akiwa darasani, miezi michache kabla ya mtihani wa Mei. Huyu asianze shughuli mpya mwaka huo. Achague mbili alizokuja nazo tangu kidato cha tatu au cha nne, apunguze nyingine, na alinde alama, kwa sababu hakuna shughuli inayofidia mtihani mbaya.

Kuhusu kuongeza chumvi, Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua mtandao wa William Rick Singer, ambaye kwa hongo aliwafanya watoto wa matajiri waonekane wanamichezo wa michezo ambayo hawakuicheza, baadhi yao kwa picha za kutengenezwa. Makocha na wazazi walifungwa, udahili ukafutwa, na Singer mwenyewe alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu mwaka 2023. Tangu hapo vyuo vimekuwa vikali zaidi kuhakiki madai ya michezo, na saa 40 kwa wiki za klabu ya mdahalo katika shule ya bweni hazimdanganyi mtu yeyote anayeijua ratiba ya shule ya bweni.

Shughuli mbili zikigongana saa ileile na zote zikiwa za kweli, iangalie ile ambayo mwalimu anayekufundisha somo lako amekuona ukiifanya. Vyuo vingi vya aina hii huomba barua za walimu wawili pamoja na ya mshauri wa shule, na mwalimu wa kemia ambaye pia ni mlezi wa klabu yako ya sayansi ana mambo mawili ya kuandika katika karatasi moja. Mwambie miezi miwili kabla, mpe orodha ya ulichokifanya pamoja na tarehe zake, na umwachie aandike kwa maneno yake.